Jasusi wa Bamvua

Ukitaka kujua watoto wa Kibuyuni, pwani ya kusini ya Kenya, wanaota nini, fungua kurasa za nyuma za daftari zao za hesabu. Mbele kuna kuzidisha na kugawanya. Nyuma kuna watu wanaoruka juu ya minazi, mabega yamepita upana wa milango na majoho yanapepea hata pasipo upepo. Mimi kazi yangu ni kuandika. Kijana mmoja wa Ukunda, mwenye mkono mwepesi wa penseli, ndiye mchoraji. Tulikubaliana kuwatungia watoto hawa katuni, na kuitunga pamoja nao, barazani kwa shangazi yangu wakishatoka chuoni jioni.

Wao walitaka shujaa arukaye. Mimi nikashikilia jasusi, na sababu yangu ilikuwa ya nyumbani. Baba yangu mkubwa alikuwa kiwandani Ramisi enzi miwa bado ikisagwa pale, na kila alipopata mshahara alinunua gazeti la African Film. Rundo lake nililikuta ndani ya sanduku la mbao, limeliwa pembeni na mchwa, na humo ndimo nilimojua kusoma Kiingereza kabla sijajua maana yake. Shujaa wa gazeti lile hakuruka. Alivaa kofia.

Niliyoyapata katika kazi hii ndiyo haya. Namba nimeziweka ili nisipotee njia, hazina cheo.

1. Jasusi ni mnyonge aliyeketi na wenye nguvu

Watoto waliuliza swali la haki kabisa: katika katuni zenye miungu ya radi na watu wa chuma, huyu asiye na nguvu yoyote anafanya nini?

Mfano mkubwa ni Nick Fury. Stan Lee na Jack Kirby walimleta mwaka 1963 akiwa sajini wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1965, katika Strange Tales namba 135, wakamgeuza mkuu wa majasusi wa shirika la SHIELD. Wakati huo dunia nzima ilikuwa imeshikwa na James Bond, na wenye katuni hawakutaka kuachwa nyuma. Wakampa Fury manowari inayoelea angani na maroboti yaliyofanana naye ili adui apoteze risasi bure. Yeye mwenyewe lakini alibaki mtu wa jicho moja. Ukiacha dawa inayomchelewesha kuzeeka, mwilini hana cha ajabu. Mwaka mmoja kabla, 1964, Black Widow alikuwa ameingia katika katuni ya Iron Man kwa mlango huo huo: mpelelezi wa Warusi, mwanamke bila nguvu yoyote, ametumwa kwa tajiri mwenye vazi la chuma.

Nikawajibu watoto hivi: Thor anaweza kuuvunja ukuta, ila jasusi ndiye anayejua ni ukuta upi wenye kitu nyuma yake. Msichana mmoja akasema, "Kwa hivyo ami, ni kama Bi fulani wa pale chini, anayejua nani kakopa kwa nani." Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini katuni yetu ilipata mwelekeo papo hapo, na si mimi niliyeutoa.

2. Kofia haimfichi mtu

Yule shujaa wa gazeti la baba mkubwa aliitwa Lance Spearman. Wasomaji walimwita Spear. Hakuchorwa. Lile lilikuwa gazeti la picha: watu halisi wamepigwa picha, maneno yakabandikwa juu ya vichwa vyao. Kampuni ya Drum ililitoa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, likasomwa Lagos na Accra, likafika Nairobi na huku kwetu. Tanzania nako Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo, alitoa gazeti la namna hiyo kwa Kiswahili, Film Tanzania.

Aliyeigiza Spear ni Jore Mkwanazi, mtu mweusi wa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Nje ya gazeti sheria ilimpangia akae wapi na apite mlango gani. Ndani ya gazeti aliendesha gari la kifahari, tai ya kipepeo shingoni, sigara nene mdomoni, akaagiza wiski na akawatia nguvuni wahalifu wenye majina ya kutisha. Naelewa kwa nini baba mkubwa, mfanyakazi wa miwa, alitoa shilingi zake kwa ajili ya mtu yule. Kofia ile ilikuwa ni dai la heshima.

Lakini mlete Spear Kibuyuni uone. Atashuka kwenye matatu pale Kanana, njia panda ya Shimoni. Vijana wa bodaboda watamtazama kofia mpaka viatu kabla hajataja anakokwenda. Kabla pikipiki haijafika kijijini, simu itakuwa imetangulia: kuna mgeni, kavaa kama bwana harusi, hajasema ni wa nani. Akifika ataulizwa hali, ataulizwa safari, ataulizwa kwao, na kwa kuwa kila jibu linahitaji jamaa wa kulithibitisha, shughuli yake ya siri itakuwa imekwisha kabla ya chai.

Wavulana wakapendekeza buibui na ninja, macho tu yaonekane. Shangazi, aliyekuwa akichambua mchele huku anatusikiliza, hakuinua hata kichwa. "Nitamjua kwa mwendo," alisema. "Na nisipomjua kwa mwendo nitamjua kwa ndara." Ni kweli. Kijijini mtu hutambulikana kwa kikohozi gizani. Katuni za mjini hujengwa juu ya umati wa watu wasiojuana. Barakoa ya jasusi wa New York ni wale watu milioni kadhaa wanaompita bila salamu. Sisi umati huo hatunao, na katuni inayojifanya inao itasomwa kama habari za nchi ya mbali.

3. Kinachomficha mtu ni kazi yake

Basi jasusi wetu angejificha wapi? Jibu lilikuwa likitupita kila siku limebeba kamba begani.

Kibuyuni ni kijiji cha mwani. Kilimo hiki kina zaidi ya miaka kumi hapa, na wengi walio ndani yake ni wanawake. Bahari ikipwa sana, siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wanateremka asubuhi kwenye saa nne, maji yakiwa yamekimbia mbali. Wanapigilia vigingi mchangani, wananyoosha kamba, na juu ya kamba wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Baada ya wiki kama sita mwani umenenepa, unavunwa, unaanikwa juu ya vichanja na kuuzwa. Ng'ambo viwandani unatolewa ute unaoshikamanisha dawa ya meno na vyakula kadha wa kadha. Sehemu nyingine hubaki hapa hapa na kugeuzwa sabuni.

Sasa fikiria jasusi anahitaji nini. Anahitaji sababu ya kuwa mahali wazi kwa saa nyingi bila mtu kumuuliza. Anahitaji kuinama muda wote, uso haumtazami yeyote. Anahitaji kuona kila chombo kinachotoka na kinachoingia, kujua kipi kimekuja kimejaa na kipi kimekuja kitupu. Anahitaji kuwa na ratiba isiyoshukiwa, na ratiba ya shangazi imeandikwa na mwezi. Nilimuuliza siku moja, kwa mzaha, ni mashua gani zilikwenda Wasini juma lile. Akanitajia, na nani alikuwa ndani, na nani alirudi na mzigo aliokwenda nao. Hakuwa ametazama. Alikuwa akifunga mwani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Nakia wa Black Panther, filamu ya mwaka 2018, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o wetu. Nakia ni jasusi wa ufalme wa Wakanda. Mara ya kwanza kumwona, yumo katika msafara wa malori usiku kwenye msitu wa Nigeria, amejitanda, kaketi kati ya wanawake waliotekwa. Mfalme mwenyewe anatua kutoka juu na vazi lake la ajabu, anawapiga wateka nyara, na badala ya asante anakaripiwa: kaiharibu kazi. Tena Nakia ndiye anayemzuia asimdhuru mmoja wa wale wenye bunduki, kwa kuwa ameketi nao muda wa kutosha kujua kwamba ni mtoto, naye ametekwa. Mfalme alitua tu. Hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Niliwaonyesha watoto kipande hicho kwenye simu. Kesho yake mchoraji alikuja na mwanamke aliyeinama, leso kiunoni, kamba begani, na nyuma yake bahari imekauka hadi mwambani. Hakuwa na kofia. Hakuna aliyeuliza tena habari za kofia.

4. Siri nzuri ni ile inayoweza kupimwa

Jasusi bila siri ya kutafuta ni mpita njia. Wavulana walitaka bomu lililozikwa, meli ya chini ya bahari, mlango ndani ya mapango ya Shimoni. Mapango yale nilikataa. Kumbukumbu ya watumwa waliopitishwa pale ni nzito, na sikutaka kuifanya pazia la mchezo.

Siri tuliyoichagua ni ndogo. Katika katuni yetu, gunia la mwani mkavu likipimwa nyumbani lina uzito huu, likifika kwenye mizani ya mnunuzi lina uzito ule. Tofauti si kubwa. Kila mwanamke akidhani ni wake peke yake, atasema labda haukukauka vizuri, labda uliachwa uani, labda nimesahau. Hapo jasusi anaingia kazini: kujua kama mizani inasema kweli, bila kumtuhumu mtu, bila kifaa chochote cha thamani.

Suluhisho lilitoka kwa mvulana ambaye hesabu zake za mbele ya daftari ni safi kuliko michoro yake ya nyuma. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtungi wa lita 20 uliojaa ni kilo 20, ukiongeza uzito wa mtungi mtupu. Kila nyumba ina mtungi. Uweke juu ya mizani, usome. Mizani ikipungukiwa hata kilo moja, imejifunga yenyewe.

Dada yake akamsahihisha: maji yawe ya kisima, si ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi. Lita 20 za bahari zinakaribia kilo 20 na nusu, na nusu kilo inatosha kumpa mwizi pa kujitetea. Mchoraji aliiacha penseli chini, akacheka. Manowari ya angani ya Nick Fury haijawahi kunisisimua kama mtungi ule wa manjano.

Niliona pia jambo la ufundi. Msomaji anapenda siri ambayo angeweza kuifumbua mwenyewe kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, aliishi hivyo: kiko mdomoni, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, na kila kidokezo kimewekwa mbele ya macho ya rafiki yake Najum na yetu. Tukishindwa, tunashindwa kwa haki.

5. Kijiji hakina adui asiye ndugu

Kabla ya mizani tulijaribu adui wa namna nyingine, mvuvi wa juya. Nyavu za kukokota zimepigwa marufuku, zinazoa samaki wachanga, zinang'oa na vigingi vya mwani. Ni adui mzuri kwenye karatasi. Mchoraji alimpa masharubu na kicheko. Watoto wakaitazama ile sura, wakatazamana. Mmoja akanong'ona jina. Ndani ya dakika chache majina yalikuwa matatu, yote ya watu wanaosali nasi.

Shangazi aliomba aone ile karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya mkeka. "Huyu ana watoto wanaokaa hapa," akasema. Mjadala ukafungwa hapo.

Waandishi wakubwa walikuwa na nafuu kuliko sisi. Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alipambana na Makaburu na vibaraka wao. Nyaraka za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, mji uliokuwa na ofisi ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, na Gamba anazifuata mpaka Nairobi. Adui yake alikuwa anajulikana na kila msomaji, na alikuwa mbali. Ungeweza kumchukia vitabu vyote bila kukutana na mke wake kisimani. Marekani nako wana Hydra, jeshi la watu waliofunikwa vichwa kwa rangi ya kijani, wasio na shangazi.

Ndiyo maana katika katuni yetu mnunuzi hana uso. Tunaona mkono, tunaona saa ya mkononi, tunaona kalamu ikiandika kilo. Msomaji mmoja mkubwa alilalamika kwamba huo ni woga. Huenda upo woga ndani yake. Lakini kufanya hivyo kumetulazimisha kuichora mizani yenyewe kwa makini, mshale wake, misumari yake, kutu yake, na watoto sasa wanaichukia mizani ile kama mtu.

6. Kuishi kwa majina mawili si mchezo kwa kila mtu

Hili sikulitafuta, lilikuja lenyewe.

Tulipokuwa tukipanga vitambulisho bandia vya jasusi, watoto walichangamka kweli. Huyu jina la kwanza, huyu la pili, hati ya kusafiria ya nchi hii na ile. Mtoto mmoja tu alikaa kimya, na nilimjua kwao: ni Wapemba. Wazee wao walivuka bahari, wengine kabla na wengine baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, wakavua na kuoa na kuzika huku pwani ya kusini. Miaka yote hiyo wengi hawakuwa na karatasi ya nchi yoyote. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi mwaka 2023. Kabla ya hapo, laini ya simu ilisajiliwa kwa jina la rafiki. Pesa zilipita kwa mkono wa jirani. Leseni ya kuvua ilikuwa ni ya kuombea dua. Mtu alikuwa na jina la nyumbani na jina la kumwonyesha askari, na hakuna aliyemchezea muziki wa kusisimua.

Yule mtoto baadaye aliniambia babu yake alikuwa hodari wa kujibu maswali barabarani. Alisema kwa fahari. Nikamwomba ruhusa, naye akaenda akamwomba babu, na ruhusa ikaja na masharti: asichorwe, asitajwe kijiji alichozaliwa. Kutoka kwake nilipata kanuni ambayo sijaikuta katika katuni yoyote. Usiseme uongo mrefu. Sema ukweli mfupi, kisha uliza wewe swali: afande, hivi barabara ya mbele imetengenezwa? Anayeulizwa husahau kuuliza.

Jasusi wetu tulimnyima vitambulisho bandia. Kwani hana haja navyo. Wenzake pwani wanamwita "somo", wakwe wanamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, watoto wanamwita "bi". Mpaka ukurasa wa mwisho msomaji hajui jina lake la kuzaliwa, na wengi hawatagundua kwamba hawajui.

7. Jasusi wa kweli akiandika habari zake, usimeze kila neno

Watoto wanataka kujua kama mambo haya yamewahi kutokea. Yametokea, tena jirani. Januari 1915 Waingereza na Wajerumani walipigana Yasini, ng'ambo kidogo tu ya mpaka ukitoka Vanga, na pwani hii yote ilijaa watu waliolipwa kusikiliza.

Mkuu wa upelelezi wa Waingereza aliyepata jina kubwa katika vita vile ni Richard Meinertzhagen. Yeye mwenyewe alieleza jinsi watu wake walivyookota karatasi zilizotumika katika vyoo vya kambi za Wajerumani, kwa sababu maofisa walijipangusa kwa barua na amri za kijeshi. Sitasahau kelele zilizopigwa barazani siku niliposimulia hilo. Shangazi alihama.

Kisha nikawaeleza sehemu ya pili. Miaka mingi baadaye watafiti walikuta kwamba shajara za bwana huyu zimejaa mambo ya kutunga, na kwamba hata ndege waliokaushwa, ambao alisifiwa kwa kuwakusanya, baadhi yao aliwaiba makumbusho na kuwabandika tarehe na mahali pa uongo. Jasusi alijitunga mwenyewe kama mhusika wa katuni. Habari ya vyoo huenda ni kweli, na watoto wameamua ni kweli, na mimi sina nguvu za kuwapinga.

8. Puto la maneno halitaki hotuba

Fupi: sentensi ikizidi maneno kumi, mchoraji ananirudishia. Mwanzoni nilimwandikia jasusi Kiswahili cha taarifa ya habari, na wasichana wakaisoma kwa sauti ya mtangazaji huku wakigongana mabega. Wanawake wa kamba hawasemi "ninashuku mizani hii." Wanasema "mh," na ndani ya "mh" hiyo mna kesi nzima.

Waliotoa gazeti la katuni la Shujaaz, mwezi Februari 2010, walilielewa hili mapema. Boyie wao, kijana asiye na kazi anayeendesha redio ya siri chumbani kwake, alizungumza Sheng ya Nairobi, na nchi nzima ikamsoma kwa sababu gazeti lilitolewa bure na lugha haikuvaa suti. Boyie naye ana maisha mawili: majirani hawajui kwamba sauti wanayoisikia redioni ni ya kijana yule yule wanayemwona hana shughuli. Ni jasusi wa aina yake. Sisi tumeweka Kiswahili cha huku, chenye kionjo cha Kidigo na cha Kivumba, na anayesoma kutoka Nairobi atatuvumilia kama tulivyovumilia Sheng.

9. Anayejua akisema, hafichiki tena

Hapa ndipo tulipokwama, na ni pagumu kuliko kote. Jasusi amekwisha pima mizani. Anajua. Afanye nini na anachokijua?

Wavulana walitaka asimame siku ya mauzo, aweke mtungi juu ya mizani mbele ya watu wote, apige ukelele. Fremu moja kubwa, ukurasa mzima. Nakiri ingependeza. Wasichana wakakataa, na hoja yao ilikuwa na uzito: akifanya hivyo mara moja, hatakuwa tena mwanamke aliyeinama. Kila mnunuzi atakayekuja atamtazama yeye kwanza. Kijiji kitapata ushindi mmoja na kupoteza macho yake. Wao walitaka anong'one kwa mwenyekiti wa kikundi, kisha arudi kwenye kamba zake. Wavulana wakauliza, na mwenyekiti akinyamaza?

Nikawasimulia habari za Supa Team 4, katuni ya televisheni iliyotungwa na Malenga Mulendema wa Zambia na kuonyeshwa Netflix mwaka 2023. Humo mna Mama K, jasusi mstaafu wa Lusaka, anayewachukua wasichana wanne na kuwafunza kazi. Nilidhani itasaidia: mwanamke mtu mzima ambaye hasimami mbele, anawaandaa wengine. Wavulana wakasema, "Lakini hao wana vifaa." Na kweli wanavyo.

Mgogoro ukaendelea jioni kadhaa. Mchoraji alianza kuchora nakala mbili, moja ya kila upande, na kunung'unika juu ya bei ya karatasi. Aliyeukata ni shangazi, bila kuombwa, akiwa amerudi pwani na miguu bado ina mchanga.

"Kwa nini aende yeye?" aliuliza. "Siku ya kuuza, kila mtu aje na mtungi wake. Wote. Aseme anauleta kwa sababu kisima kiko njiani. Wapange foleni, mtungi kwanza, gunia baadaye. Mwenye mizani atamuuliza nani aliyeanza? Na wao watamwambia nani, na wao wenyewe hawajui?"

Wasichana walishangilia. Wavulana walitaka kujua kama bado patakuwa na fremu ya ukurasa mzima, na tukawahakikishia kwamba itakuwepo: foleni ya mitungi ya manjano kutoka vichanjani mpaka kwenye mizani, na jasusi wetu awe ndani yake, mahali ambapo hata msomaji itabidi amtafute. Mchoraji ameomba nyongeza ya malipo, kwa kuwa kila mtungi una mpini, kifuniko na kivuli chake. Amekwisha chora kumi na mmoja, na shangazi, aliyeitazama kazi hiyo jana, amemwambia wanawake wa upande wa kusini bado hawajaingia kwenye foleni.